Pampu "yangu"

Maneno yenyewe ni matatu tu. Jumanne, saa nne asubuhi, chumba namba 4, mgonjwa kaachama na mate yanamjaa, Daktari wa meno anasema bila hata kunigeukia: "Pampu yako imechoka."

Hiyo "yako" ndiyo haijanishuka. Ni pampu ya kuvuta mate vinywani mwa wagonjwa: mashine moja, viti vinne vinaitegemea. Ikivuta vizuri ni ya kliniki, ikilegea ni yangu.

Nikamjibu, "Siyo pampu, Daktari. Ni mpira wa chumba cha pili." Akasema, "Kila siku mpira." Basi.

Na ulikuwa mpira kweli! Ule mkubwa wa kuvutia mate, wa chumba cha 2, ulilazwa juu ya trei badala ya kurudishwa kwenye kishikizo, na kishikizo ndicho kinachofunga vali. Mpira huo hupitisha lita kama 300 za hewa kwa dakika. Ukiachwa wazi unakunywa hewa ya bure, na anayeumia ni wa mwisho kwenye bomba, yaani namba 4. Pampu za namna hii hazinunuliwi kwa hesabu ya viti vyote kuvuta kwa pamoja; inachukuliwa kwamba muda wowote kuna vilivyopumzika. Nilipoutundika, geji ya nguvu ya mvuto, chumba cha 4, ilipanda kutoka milibari 80 hadi 138. Kitabu cha mashine kinadai 160, ila kiliandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari. Hapa Arusha, mita 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na 138 ndiyo afya yake. Imechoka wapi?

Hayo nimeyarudia kichwani Jumatano, Alhamisi (wakaguzi walikuja, tumepita), hadi Ijumaa tulipompeleka binti yetu Neema bweni. "Kila siku mpira." Ningemjibu hivi, ningemjibu vile.

Jana jioni, kliniki ikiwa tupu, nikapima upya, safari hii kwa maji. Maana geji inasomwa mdomo wa mpira ukiwa umezibwa: hewa haitembei, hivyo hata chujio likijaa nusu, sindano itapanda tu, polepole. Maji hayadanganyi. Jagi la lita 1 kuvutwa lote, chumba cha 1 hadi cha 3: sekunde 8, labda 9. Chumba cha 4: sekunde 19. Na mipira yote mingine imetundikwa.

Nikavaa glavu, miwani na barakoa, nikafungua chujio la kiti. Pamba, vipande vya jino, unga wa amalgamu (ile ya kuzibia meno, yenye zebaki), na utando wa kijivu unaovutika kama mlenda. Karatasi ya ukutani inasema libadilishwe kila Ijumaa. Visanduku viwili vya mwisho ni vitupu, na sahihi inayotakiwa pale ni yangu.

Kwa chujio jipya, sekunde 11. Zile mbili zinazobaki nazibebesha kona ya bomba ya digrii 90 aliyoiweka fundi chumba kilipoongezwa. Kilitakiwa kiungo cha umbo la Y cha digrii 45, na bomba literemke walau sentimita 1 kila mita kuelekea kwenye pampu, siyo kulegea katikati na kutuamisha maji. Hilo ni la kuvunja ukuta, tuliache.

Chujio chafu halisuuzwi kwenye sinki wala halitupwi ndoo ya kawaida, kwa sababu ya zebaki. Linaingia kopo la mfuniko unaobana. Nikavutisha dawa ya kusafishia mabomba, lita 1 kila mpira, nikiuinua mara kwa mara ili hewa ichanganyike na kusugua, nikaiacha ilale humo. Chini ya sinki la chumba cha 2 nimekuta chupa ya klorini na sabuni ya vyombo. Klorini huiyeyusha zebaki iliyoganda mabombani ikatoka na maji taka, na povu la sabuni likifika kwenye mota, ndipo utaniambia pampu imechoka. Nimeziondoa zote mbili bila kuuliza ni za nani.

Kwa hiyo Jumanne tulikuwa na mpira wa chumba cha 2 na chujio langu. Sijamwambia Daktari. Nimejaza tarehe ya jana kwenye kisanduku, vile viwili nimeviacha vitupu, avione akitaka.

Sweta la Neema liko hapa kitini. Alilikunja mwenyewe akalisahau, na usiku huu kuna baridi.