Mkono Ninaoandikia

Kabla ya kunitengenezea mshipa wa kuunganishia mashine ya kusafisha damu, daktari aliniuliza ninaandika kwa mkono upi. Nilimjibu kuwa ni wa kulia, naye akachora alama kwenye mkono wa kushoto, kwa kuwa mkono utumikao zaidi huachwa salama. Kwake lilikuwa swali la kila siku. Mimi lilininyima usingizi usiku ule, maana nilikuwa sijaandika lolote la maana kwa miaka 19.

Figo zangu zimechoka. Mara tatu kwa wiki huketi kwa muda wa saa nne hivi, damu ikitoka na kurudi, na jioni, nikiuwekea mshipa huo kidole, nausikia ukivuma chini ya ngozi kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kibiriti. Kuhusu ugonjwa wenyewe sina la zaidi, isipokuwa kwamba kiu hunitesa kuliko sindano.

Katika saa hizo nne nimeanza kuusoma upya muswada wa riwaya ambayo kwa ajili yake nilimwambia mwanamke niliyempenda kwamba ndoa isubiri kwanza. Alisubiri miaka minne. Alipoondoka hakunilaumu, nami kwa kiburi cha ujana nikauchukulia ukimya wake kuwa ruhusa. Tangu hapo nimewasimulia watu kwamba niliyatoa mapenzi kafara kwa ajili ya sanaa, maneno yanayopendeza sana mbele ya wageni. Ukweli ni kwamba alipokwisha kwenda nilipata kila nilichodai kunyimwa, chumba kimya na usiku mrefu, na sikuongeza hata sura moja.

Nilizoea kujifariji kwa habari za Keats, mshairi wa Uingereza aliyefia Roma mwaka 1821 kwa kifua kikuu akiwa na miaka 25 tu, ambaye barua za mwisho za mchumba wake hakuwa na moyo wa kuzifungua, akazikwa nazo. Faraja hiyo ni ya wizi. Yeye alikatizwa na maradhi. Mimi nilikuwa mzima kabisa nilipoiweka kalamu chini, na umri wangu sasa umezidi wake maradufu.

Juzi nilifika ukurasa wa 112. Pembeni, kwa penseli iliyofifia, upo mwandiko mdogo wa mwanamke yule, ulioinamia kushoto: "Mke wa huyu bwana hana jina?" Nilirudi mwanzo nikakagua. Ni kweli: kurasa zote hizo anapika, anangoja, anafungua mlango, na jina sikumpa. Mbwa wa jirani analo. Sikumbuki kama wakati ule niliyasoma maneno hayo nikayapuuza au sikuyaona kabisa.

Muuguzi alipokuja kuchomoa sindano alinikuta na penseli mkononi. Nilikuwa nimejaribu majina matatu na kuyafuta yote. La kwake sikulijaribu.