Nilivyofika kwenye meza ya sera kwa kupitia masjala

Kila aliyejiona mjuzi alinipa ushauri uleule: ukitaka kuandika sera, ondoka haraka kwenye dawati la ustawi wa jamii, huko utazeeka ukigonga mihuri. Kasome shahada ya pili, uonekane kwenye semina, ujue kuongea na wakubwa. Shahada nilisoma, na fedha iliyokwenda huko sipendi hata kuipigia hesabu. Ila aliyenifikisha kwenye chumba wanakoamulia mambo ni karani wa masjala, aliyenionyesha kabati la maombi ya msaada yaliyokataliwa.

Ombi likishagongwa muhuri wa "halikukidhi vigezo" hakuna anayelifungua tena. Mimi nikawa nayasoma jioni, naandika pembeni sababu halisi ya kila moja kukwama. Nilitegemea kukuta sera ngumu, nikakuta fomu mbovu. Sera ilitaja "familia za aina zote", maneno matamu kabisa, lakini fomu inadai sahihi ya baba na ya mama. Bibi mmoja anayelea wajukuu alikuwa amekata neno "mama" kwa kalamu, akaandika "bibi" juu yake, herufi moja moja, kwa mkono unaotetemeka. Fomu ikahesabiwa kuwa imechafuliwa. Kwa watu wazima wenye ulemavu wa akili ndiko nilikochemka zaidi: mtu kaja mwenyewe, shida yake kaieleza ikaeleweka, halafu ombi limekwama kwa sababu hakuna "msimamizi" wa kumsainia.

Nikaandika dokezo kwa mtindo tuliofundishwa semina: usuli, dhana, mapitio ya nyaraka, mikataba ya kimataifa kuanzia ule wa Haki za Mtoto wa 1989, majedwali, viambatisho. Kurasa nyingi, zimepigwa jalada. Nililibeba kwenye kikao kama bibi harusi anavyobebewa zawadi. Mkurugenzi akalipekua kuanzia nyuma, akasimama kwenye jedwali lisilohusika, akauliza, "Mwenzetu, hapa unaomba nini hasa?" Kabla sijafungua mdomo, mzee wa fedha akadakia, "Na analipa nani?" Wakahamia ajenda inayofuata. Aliyetufundisha mtindo ule sijui kama amewahi kupitisha hata mstari mmoja.

Kikao kilichofuata nikaenda na fomu tupu na kalamu tu. Nikampa kila mkubwa karatasi yenye maelezo mafupi ya mtu, nimeficha majina: wewe leo ni bibi mwenye wajukuu, wewe ni mtu mzima unayehitaji msaidizi wa nyumbani, hujui kusoma vizuri. Nikasema, "Waheshimiwa, naomba mjaze." Wakacheka. Kicheko kikaisha kwenye kipengele cha sahihi. Mkurugenzi akaniuliza kwa sauti ya chini bibi aandike wapi. Nikamjibu kwamba ndicho alichouliza mwombaji dirishani, akakosa jibu. Mzee wa fedha alifika kwenye "ambatisha vyeti vyote halisi", akatupa kalamu: "Hivi hii fomu nani aliitunga?" Kumbe wakiwa wanataka chao watu wanasoma kwa makini! Raha niliyoipata siku ile siwezi kuificha.

Mwanasheria ndiye aliyekaza. Akasema tukiondoa msimamizi, watu hawa wataibiwa. Hoja yake si ya kijinga, wapo wanaoibiwa. Lakini Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 12, unatambua kwamba wana uwezo wa kisheria sawa na wengine, na dola iwape msaada wa kuutumia uwezo huo. Kumsaidia mtu aamue na kuamua kwa niaba yake ni vitu viwili. Tukakubaliana mwombaji asaini mwenyewe, na akipenda amtaje mtu wa kumsaidia.

Haya yote hayakugusa sheria. Fomu ilikuwa kiambatisho cha mwongozo, na mwongozo unabadilishwa ndani ya ofisi. Wengi wanapigania kubadili sheria bungeni kumbe kinachowakwaza kimeandikwa na mtu wa ghorofa ya pili. Uliza kwanza: ni sheria, kanuni, waraka au mwongozo?

Mzee wa fedha mfanye rafiki mapema, kabla hujaandika aya ya kwanza. Ombi lako liwe sentensi ya kwanza ya ukurasa mmoja. Na wenye shida waite wakati rasimu bado inabadilika, maana mkataba huohuo, ibara ya 4, unataka washirikishwe kwa karibu. Nauli zao ni hela ndogo ukilinganisha na posho za kikao, na usikubali kuletewa mwenyekiti wa chama peke yake.

Sasa nashughulikia mwongozo wa wazee wanaoishi katika hali ya hatari na hawataki kuhama, akili zao zikiwa timamu. Baadhi ya wenzangu wanataka ofisa apewe nguvu ya kuwaondoa. Mimi nimeweka sharti kwamba kwanza waulizwe, na jibu liandikwe kwa maneno yao wenyewe. Mwanasheria anasema mistari miwili inatosha. Kwenye rasimu nimeacha nusu ukurasa, na sijashuka.