Eti bibi kizee, 58

Shangazi yangu anauza mukene, wale dagaa, pale Busia ya Uganda (ukivuka tu mpaka kuingia Kenya wanaita omena). Juzi kibanda chake kiliungua usiku, shoti ya umeme. Asubuhi akaja jamaa wa peji moja ya habari za huku na simu yake, klik klik, mchana tukaona: BIBI KIZEE, 58, ALIA BAADA YA MOTO KUMFILISI.

Wallahi hakulia. Alikuwa anahesabu mabati yaliyobaki. Nikamsomea, moto wenyewe akausahau palepale: “Kizee nani? Huyo kijana nilimwomba anishikie gunia moja tu likamshinda!”

Na ana haki bana. Serikali yenyewe inahesabu mzee kuanzia miaka 60, halafu ile pesa ya wazee, shilingi 25,000 kwa mwezi, hupewi mpaka ufikishe 80, kwa hiyo kwenye peji shangazi ni kizee tayari lakini kwenye pesa abaki foleni miaka mingine 22.

Sasa angalia wakubwa. Museveni ni wa 1944 na kichwa cha habari kinasema Rais, basi, ile namba ya umri utaiona pakiwa na siasa tu, kama 2017 bunge lilipotoa limiti ya miaka 75 kwa anayegombea urais. Bobi Wine, yule mwanamuziki mpinzani wake, ni wa 1982, sera ya vijana inaishia miaka 30, na bado watu wanamwita kijana. Mwenye cheo anaitwa kwa cheo, sisi wengine tunaitwa kwa miaka.

Sisemi umri usiandikwe kabisa. Proscovia Oromait alipochaguliwa mbunge wa Usuk 2012 akiwa na miaka 19, hapo 19 ndiyo habari yenyewe, ungeiacha ungebaki na nini? Lakini moto wa kibanda, 58 inanisaidia nini mimi msomaji? Mama yule ameuza samaki sehemu ileile miaka 31, kasomesha watoto wanne kwa mukene, hiyo jamaa wa peji hakuuliza, aliuliza tu “una miaka mingapi mama” akaondoka.

Nikamtumia meseji abadilishe hilo neno. Hakubisha, nikashukuru hata. Jioni nikafungua: AJUZA, 58, ALIA BAADA YA MOTO KUMFILISI.

Shangazi akaniuliza ajuza ni nini. Nimemwambia ni mfanyabiashara.