Manyoya ya Simba kwenye viti vya gari

Mama mkwe wangu alitoka Bukavu kwa meli ya usiku. Nilimpokea bandarini Goma asubuhi, siku ya Jumapili, tukaenda moja kwa moja kanisani. Alikuwa amevaa kikwembe cheusi kipya. Mimi nilikaa benchi la nyuma yake, na misa nzima niliona vidole vyake vikichomoa manyoya meupe kwenye kile kikwembe, unyoya mmoja mmoja, akiyafumbata kiganjani ili yasiangukie wenzake.

Tulipotoka nilimwambia, "Mama, unisamehe, ni mbwa."

"Hakuna shida, baba. Itatoka tu."

Mama mkwe hawezi kumgombeza mkwe wake, ndiyo maana neno lile lilinielemea zaidi. Na njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akipiga chafya.

Simba ni mbwa wetu wa kulinda parseli, yaani kiwanja cha nyumba yetu. Zamani hakuwa anapanda gari. Alianza tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, tulipoambiwa tuhame mji. Tulijibana watu saba ndani ya gari, Simba juu ya miguu ya watoto, tukaingia kwenye ule msururu wa kwenda Sake. Ni kilomita kama 25 tu, lakini tulifika giza limeingia. Hakubweka hata mara moja. Tangu siku hiyo, nikifungua mlango wa nyuma yeye ndiye wa kwanza kuingia, na sina moyo wa kumshusha.

Kosa la kwanza nililifanya Jumatatu. Nilipeleka gari kwa vijana wanaoosha magari, nikawaambia waoshe viti kwa sabuni na maji mengi. Vumbi letu la Goma ni la mawe ya volkano, jeusi na laini, linajaa ndani ya sponji ya kiti. Likikutana na maji linakuwa tope, na manyoya yakanaswa humo kama majani makavu kwenye udongo wa ukuta. Viti vilichukua siku tatu kukauka, vikatoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa. Manyoya yalikuwa palepale.

Kisha nikaazima aspirateri, ile mashine ya kuvuta vumbi, kwa jirani. Nilingoja umeme urudi, nikavuta saa nzima. Vumbi lilitoka, makombo ya biskuti yakatoka, manyoya yakabaki. Hapo ndipo nilipochukua tochi, nikainama hadi pua ikakaribia kugusa kiti, nikatazama. Simba ana manyoya ya namna mbili: ya chini laini kama pamba, na ya juu mafupi, magumu. Yale laini yalikuwa yamelala juu ya kitambaa, yamejisokota pamoja. Yale magumu yalikuwa yamechoma kitambaa kama sindano, ncha moja nje, nyingine imezama ndani. Unyoya una magamba madogo sana ambayo jicho halioni, yanashika nyuzi usirudi ulikotoka. Tena kitambaa cha nailoni kikisuguliwa wakati wa kiangazi kinapata umeme kidogo, kinavuta manyoya na kuyashikilia. Aspirateri inavuta hewa tu. Haiwezi kung'oa kilichoshonwa. Kwanza yang'olewe, mashine ije mwisho.

Kilichong'oa ni glavu za mpira za kuoshea vyombo, zile za mke wangu. Nilimwaga kifuniko kimoja cha dawa ya kulainisha nguo ndani ya lita moja ya maji, nikatia kwenye chupa ya kupulizia, nikapuliza kidogo kabisa, kitambaa kikawa na unyevu bila kulowa. Hiyo dawa inaua ule umeme. Nikangoja dakika chache. Kisha nikavaa glavu na kuvuta kiganja kuelekea kwangu, mvuto mfupi, upande mmoja tu. Ukisugua kwenda na kurudi unayarudisha ndani. Mvuto wa nne au wa tano manyoya yalianza kujikunja yenyewe, yakawa kamba ya kijivu nene kama kidole, nikaiokota kwa mkono. Niliita watoto waje waone. Kiti kimoja cha nyuma kilijaza bakuli.

Kwenye kona, pale mshono unapoingia, glavu haifiki. Nilitumia ule mpira wa kufutia kioo, nikaukata kipande kidogo. Zulia la chini lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu viatu vinayakanyagia manyoya ndani. Hapo nilichukua jiwe letu jepesi lenye matundu, lile akina mama wanalosugulia visigino, nikalipitisha taratibu bila kukandamiza. Lilitoa manyoya ya miaka. Basi nikashawishika kulijaribu kwenye kiti pia, na likaninyofolea nyuzi. Nyuma ya kiti cha dereva kuna alama upana wa sarafu mpaka leo. Jiwe ni la zulia la chini peke yake, na hata huko anza pembeni pasipoonekana.

Kitambaa cha dari usikiguse kwa maji. Kimebandikwa kwa gundi, kikilowa kinaachia na kuning'inia. Pale nilitumia utepe mpana wa kufungia makatoni, nikaubandika na kuubandua polepole.

Baada ya hapo ndipo nikarudisha aspirateri, na safari hii ilikuwa na kazi. Nilisogeza viti mbele hadi mwisho, nikavuta nyuma yake, kisha nikavirudisha nyuma, kwa maana reli zake ni ghala.

Lakini chafya hazitoki kwenye unyoya wenyewe. Zinatoka kwenye mate ya mbwa na vipande vidogo vya ngozi yake vinavyopeperuka. Kwa hiyo nilifuta viti, milango na mikanda kwa kitambaa chenye unyevu, nikaacha milango wazi juani. Kisha nikafungua kile kisanduku cha mbele ya abiria. Kwenye Toyota yangu chujio la hewa liko nyuma yake. Nililichomoa nikakuta limefunikwa blanketi la manyoya na vumbi jeusi. Kila nilipowasha feni nilikuwa nampulizia mama yale yote usoni. Nilinunua jipya siku hiyohiyo.

Sasa Simba anachanwa kwanza nje ya geti, kisha anatandikiwa shuka nzito ya pamba iliyofumwa karibu karibu. Manyoya hayachomi pale, yanateleza, na nikifika ninaikung'uta upande upepo unakoenda. Glavu zinakaa kwenye mfuko wa mlango.

Siku ya kumrudisha mama bandarini alivaa kikwembe kilekile cheusi. Aliposhuka nilizunguka haraka kumshikia begi, macho yangu yakiwa kwenye mgongo wake. Kulikuwa na unyoya mmoja, karibu na pindo. Niliomba ruhusa, nikautoa mimi mwenyewe.

"Aksanti, baba," akasema. "Umusalimie Simba."