Mlio mgeni kwenye masafa mafupi: ninavyoutambua nikiwa Dodoma

Mlio nisioujua ukiingia redioni, siukimbilii kuupa jina. Kwanza nahakikisha hautoki nyumbani. Nachomoa chaja, kompyuta inabaki kwenye betri, kisha nazima meni swichi. Ukipotea, ni wangu: taa za LED na chaja za simu ndizo wasumbufu wakubwa. Kontrola ya sola ya jirani sina swichi yake, ila giza likiingia mara nyingi nayo hutulia. Umeme ukikatika usiku Nkuhungu nzima, ndipo masafa yananoga.

Halafu vivuli, yaani milio bandia inayozaliwa ndani ya redio yenyewe. Natumia RTL-SDR V3 (redio ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta), waya wa mita 15 kama antena na transfoma ya 9:1 ya kulinganisha waya na redio. Kwenye masafa mafupi kifaa hiki hupokea moja kwa moja kwa sampuli milioni 28.8 kwa sekunde, kwa hiyo kila kitu hujikunja kwenye 14.4 MHz: kituo cha 9.9 hujitokeza pia 18.9, kimegeuka kushoto kulia. Mlio mnene wa 18.9 saa sita usiku, majirani zake wote kimya, natoa 28.8 kwa 18.9 na kwenda kuutafuta huko chini.

Sasa kupima. Sikio hudanganya, skrini haidanganyi sana. Mfano mzuri ni 10100.8 kHz jioni. Naweka redio 10099.3 katika USB (ukanda wa upande wa juu, si tundu la kompyuta), mlio ukae kwenye 1500 Hz. Inaonekana mistari miwili inayopokezana, imeachana 450 Hz. Waredio wa ridhaa huacha 170, basi huyu si mwenzetu. Natazama kwa dakika nzima, kwa sababu mawimbi ya mbali hufifia mstari mmoja na kuacha mwingine, ukadhani ni Morse. Kwenye fldigi, programu ya kusoma milio, nachagua RTTY (maandishi kwa redio), mwachano 450, kasi ya baud 50. Ukiacha kasi ya 45.45 ya waredio wa ridhaa, herufi zinachanganyika. Zikitoka takataka tupu, nabonyeza Rv, kitufe cha kugeuza mistari. Hapo zinashuka herufi za majaribio RYRYRY na jina la kituo DDK9: ni hali ya hewa kutoka Ujerumani.

Mingine haihitaji kusomwa. Inayoanza sekunde ya 0, 15, 30 na 45, upana kama 50 Hz, karibu na 14074 hadi 14077 kHz, ni FT8, ujumbe mfupi wa kidijitali wa waredio wa ridhaa. Mluzi unaopita mara moja ukitoweka ni kipima anga (mtambo wa kupima tabaka la juu la anga), mara nyingi hufagia 100 kHz kwa sekunde.

Inayonisumbua hasa ni rada za kuona mbali, ng'ambo ya upeo wa macho. Baadhi hufagia mara 50 kwa sekunde, sawasawa na mngurumo wa umeme wetu wa 50 Hz. Natazama kingo: rada hukatika wima pande zote mbili, upana wa kHz 10 hadi 20, na hufifia na kurudi. Kelele ya nyaya haina kingo wala haififii.

Usiotambulika narekodi mawimbi ghafi, si sauti tu, na faili naandikia muda wa UTC, yaani saa ya Dodoma toa tatu.