Nilivyoingia uongozi wa tawi la chama Kaptembwo

Mimi ni fundi wa nguo hapa Kaptembwo, Nakuru. Kwa miaka mingi nilikuwa napiga kura Agosti, narudi kwenye cherehani yangu nikijua nimemaliza. Kumbe mambo huwa yameamuliwa mapema, ndani ya darasa la shule ya msingi, na watu arobaini hivi waliobanana kwenye madawati ya watoto. Hapa kwetu, mwenye tiketi ya chama chenye nguvu huwa ameshavuka nusu ya mto kabla ya kampeni kuanza. Na tangu Sheria ya Vyama vya Siasa irekebishwe 2022, chama kinaweza kufanya mchujo kwa kura za wanachama wote au kwa kura za wajumbe peke yao. Wajumbe wanaanzia kwenye matawi. Basi anayetaka barabara ya mtaa wake isemewe na aanzie huko.

Kwanza ilibidi niwe mwanachama, na hapo nilipigwa na butwaa. Mnamo 2021 Wakenya wengi waliangalia majina yao kwenye mfumo wa Msajili wa Vyama vya Siasa wakakuta wameandikishwa katika vyama wasivyovijua. Nami nilikuwa mmoja wao. Sheria hairuhusu mtu kuwa katika vyama viwili, kwa hiyo nililazimika kujiuzulu kutoka chama ambacho sijawahi kushika kadi yake. Iliniuma sana. Nilijitoa, nikajisajili ninakotaka mwenyewe, kisha nikaenda saiba, duka la intaneti, kuchapisha ukurasa unaoonyesha jina langu. Karatasi hiyo ilikuja kunifaa kuliko kadi.

Mkutano wangu wa kwanza nilisikia habari zake saa kumi na moja jioni, nao ulikuwa wa saa moja usiku. Saa moja usiku mama yeyote wa Kaptembwo yuko jikoni. Tulifika wanawake wanne tu. Mratibu aliyetoka mjini alisalimia, akachomoa karatasi iliyokunjwa mara nne kutoka mfuko wa shati, akasoma: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, wajumbe. Akauliza, "Mnakubali?" Vijana waliosimama mlangoni wakajibu kwa sauti moja kwamba wamekubali. Nikainua mkono. Mzee mmoja aliyekuwa mbele akaniambia kwa upole, "Mama, keti tu. Haya yalishapangwa."

Niliketi. Lakini orodha ya waliohudhuria ilipopitishwa niliitazama vizuri. Majina mengi yalikuwa yameshatiwa sahihi, kwa kalamu moja ya buluu na mwandiko mmoja unaolalia kushoto. La kumi na mbili lilikuwa la jirani yangu aliyehamia Molo miezi kadhaa kabla.

Usiku huo nilimkumbuka marehemu baba. Mwaka 1988, wakati wa mlolongo, yaani kura ya kupanga foleni, alisimama nyuma ya mgombea wake katika mchujo wa KANU, chama pekee wakati huo, akaona kwa macho yake foleni fupi ikitangazwa mshindi. Mwaka huo aliyetangazwa kupata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kupingwa. Tangu hapo baba hakwenda tena mkutano wowote wa siasa. Mimi sikutaka kukaa nyumbani kama yeye.

Sikupiga kelele. Nilitafuta katiba ya chama chetu, nikaisoma jioni tatu nikipigia mstari sehemu za notisi, akidi na uchaguzi wa matawi. Kisha niliandika malalamiko ya ukurasa mmoja kwa kamati ya chama ya kutatua mizozo, maana Jopo la Mizozo ya Vyama vya Siasa linataka kwanza uonyeshe kwamba umejaribu kumaliza jambo ndani ya chama. Tulitia sahihi watu watatu. Nilipeleka nakala mbili na sikuondoka mpaka yangu ikapigwa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri, ndugu msomaji, usiuache kamwe. Wiki tatu baadaye tukaambiwa uchaguzi wa tawi utarudiwa.

Katika kujiandaa niligundua jambo lililokuwa mbele ya macho yangu siku zote. Sisi wanawake wa mtaa huu tuko kwenye vyama vya akiba. Kule kuna daftari, kuna kumbukumbu zinazosomwa kila mkutano unapofunguliwa, kuna faini kwa anayechelewa, na mweka hazina huhesabu pesa mbele ya macho ya wote. Tunajua kuendesha chama! Nilizunguka saluni, kibanda cha mboga, na kwa mama wa chapati, nikiwauliza swali moja tu: mbona tunakubali huku yale tusiyoyakubali kule? Tuliomba mkutano uwe Jumapili saa tisa alasiri, watu wakishatoka kanisani na kabla ya moto kuwashwa. Tukakubaliwa.

Nilinunua kaunta buku na rula. Mlangoni kila mtu alionyesha uthibitisho wa uanachama, wengine kwenye simu, wengine kwenye karatasi kama yangu, akaandika jina lake kwa mkono wake mwenyewe. Tulifika 71. Tulipanga laini mbili uwanjani, vumbi likitupiga machoni, na kila upande ukatoa mtu wa kuhesabu. Walihesabu kwa sauti, mara mbili. Kwa ukatibu nilipata 38, mwenzangu 33. Tulipofika kwa wajumbe nilisimama kukumbusha kwamba jinsia moja haifai kuzidi theluthi mbili. Yule mzee aliyeniambia niketi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniunga mkono. Yeye alichaguliwa mwenyekiti, na kwa maoni yangu alistahili: anaijua kila ploti ya hapa na kila mwenye shida ndani yake.

Watu wakiwa wanaanza kutawanyika, mtu wa mheshimiwa mmoja akatoa bahasha: nauli, shilingi 200 kwa kila mmoja. Watu wengine walikuwa wamefunga vibanda kuja pale, kwa hiyo sikuona haki kuwazuia wasipokee. Niliomba tu iandikwe. Yule bwana akasema haina haja. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika tarehe, kiasi, idadi ya watu na jina la mtoaji, nikamsogezea kaunta buku. Alikaa na kalamu mkononi kwa muda mrefu, akamtazama mwenyekiti, akatutazama sisi, kisha akatia sahihi.