Bomba la maji taka lianze kwenye ramani, si kwenye sururu

Kabla msingi haujamwagwa zege, amua bomba la choo litatokea wapi na kwa kina gani. Ukichelewa, utakuja kutoboa ukuta.

Kwa nyumba ya kawaida tumia bomba la PVC la inchi 4. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita unatosha: umbali wa mita 12 unashuka sentimita 24. Basi kina cha mdomo wa shimo la septiki, yaani pale bomba linapoingia, hutokana na hesabu hiyo. Ukichimba shimo kwanza, unaweza kukuta mdomo uko juu kuliko bomba. Mteremko ukiwa mdogo mno, kinyesi hutuama na kuganda. Usipime kwa macho. Funga kamba kwenye vigingi, kisha tumia pima maji.

Kona ndizo zinazosumbua. Badala ya elbo (kiungo cha kona) moja ya digrii 90, unga mbili za digrii 45, au weka chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia na kuzibulia bomba. Chemba ni lazima pia pale mabomba mawili yanapokutana, la sivyo siku likiziba utafukua ua mzima (na litaziba tu).

Tandika mchanga sentimita 10 chini ya bomba, maana jiwe lenye ncha hulipasua taratibu. Usifukie kabla ya kuziba mwisho, kujaza maji na kukagua kila kiungo.

Miti mikubwa ikae mbali. Mizizi hufuata unyevu.